Majaruba ya Amondi

Amondi kazaliwa wiki ya ishirini na nane,
uzito wa pakiti ya sukari na konzi moja juu yake.

Leo Daktari Khayanga amekuja na taa kipajini
kama wachimba dhahabu wa Kakamega.
Akatia matone, akafungua kope kwa kiwaya.
Mtoto akalia kama paka aliyenyeshewa;
mimi nikatazama ukuta.

"Mishipa haijafika," akasema.
Haijafika wapi?

Akanichorea nyuma ya kadi ya kliniki:
duara, ndani yake mlango, na kutoka mlangoni
vijito vikitambaa kwenda ukingoni.
Huanza safari mimba ikiwa na miezi minne,
na huyu wangu kavikatiza njiani.

Nikamwambia, hiyo naijua.
Mimi nalima mpunga Ahero.
Maji hayaji kwa kuwa ni maji,
yanaitwa na jaruba lililokauka.

"Ndivyo hasa," akasema. Seli zenye umbo la nyota
hutangulia gizani; zikikosa hewa
jeni huamka ndani yake, ikaita damu.
Lakini oksijeni ya kwenye kisanduku cha kioo
imelishibisha shamba kabla ya wakati.
Mwito umenyamaza. Mishipa imekaa kitako.

Na kiu ikirudi?

Hakujibu upesi. Alifunika kalamu.
"Itaita kwa kelele, nayo itakuja ovyo."

Naijua hiyo pia.
Nyando ilipopasua tuta
ilichukua mbuzi watatu na mlango wa jikoni.

Nikaona penye mchoro doa jeupe, halina kijito.
Hapo umesahau, daktari.
"Hapo hapapitiwi. Zipo jeni zinazozuia.
Ndipo atakaposomea herufi ndogo,
ndipo utakapokaa uso wako."

Kumbe. Hata sisi huacha uwanja mmoja mkavu,
wa kuanikia.

Usiku huu wa Kisumu joto halipungui, mbu wanaimba.
Nimekesha mara nyingi matopeni, jembe begani,
nikingoja zamu yangu ya maji;
leo nakesha na kidole kimoja
kilichopenyezwa kwenye tundu la kioo,
naye amekishika.

Atapimwa tena baada ya wiki mbili.
Sista Nasimiyu anazungusha kitasa, hewa inapungua:
tisini na tano. Tisini na tatu.

Ona kiu kidogo, mwanangu.
Kidogo tu.