Taarifa ya Lango la Tatu

Saa tisa usiku lango la tatu lilifunguliwa.
Ndivyo alivyoanza Torbjørg Haukeland,
kahawa imepoa kando ya karatasi,
theluji ya Aprili ikidondoka kwenye bati la kibanda,
tone, tone, bila kumwuliza mtu.

Lilifunguliwa. Na nani?
Sentensi imenyamaza.
Kwa lugha yangu ningesema: mtu mzima,
kilo themanini na buti zake za mpira,
amejibanza nyuma ya herufi moja, w,
na kivuli chake hakionekani.

King'ora hakikupigwa.
Wakazi wa bondeni hawakuarifiwa.
Meneja Sverre aliipenda. "Imetulia," alisema,
"haimgusi mtu."
Kweli, haikumgusa mtu. Ilisomeka kana kwamba
lango liliota mikono usiku ule,
likachoka kulala, likajifungua lenyewe.

Toka juu ya bwawa aliiona kofia ya Eilert Moen,
nyekundu, ikienda polepole ukingoni.
Alikuwa na kamba begani na kijidaftari,
anainama, anageuza kichwa cha mnyama,
anasoma namba kwenye hereni ya manjano,
anaandika.

Torbjørg alirudi mezani, akakata mistari yote mitatu.

Nililifungua lango la tatu saa tisa usiku.
Sikupiga king'ora.
Sikumwarifu mtu; nilidhani malisho bado ni matupu.

Sentensi fupi. Kila moja ilimng'ata
kama maji ya mto ule ukizamisha mkono mpaka kiwiko.

Ya mwisho ilimkalisha hadi mchana.
Maji yaliwachukua kondoo kumi na tisa?
Sarufi safi: mtenda mbele, mtendwa nyuma,
mwalimu yeyote angeiwekea alama ya vema.
Lakini Eilert ataisoma karatasi hii,
na jicho lake halitatafuta maji.
Akaandika:

Kondoo kumi na tisa wa Eilert Moen walichukuliwa na maji.

Wao kwanza.
Herufi ile ile, na safari hii haikumficha mtu;
ilisogea pembeni tu
waliokufa wapite.

Sverre alisoma akisimama. Akakuna kidevu.
"Hii nili- ya mwanzo," alisema, "haiwezi kuondolewa?"
"Na nani?" akauliza Torbjørg,
akamsogezea kalamu.