Poda ya Watoto

Kadibodi ya sanduku la pasta niliitandika chini yake Jumapili,
na kila asubuhi, nikitoka zamu ya usiku hospitali ya Tolmezzo,
nilipiga magoti gerejini bila kuvua koti,
nikazungushia kila doa duara la penseli, na tarehe.
Tarehe tatu: sarafu.
Tarehe nne: sarafu mbili zinazobusiana.
Tarehe saba: ramani ya nchi nisiyoijua.

Otello akaja, mikono mfukoni,
akainama kidogo tu, kama mtu anayechungulia kama mvua imekatika.
"Sili ya nyuma ya krankishafti," akasema. "Giaboksi itoke.
Kwa Guzzi ya mwaka sabini na tano usitarajie muujiza, Nives."
Akataja bei. Nikauona mshahara wangu wa mwezi
ukielekea mlangoni, umevaa ovaroli yake.

Sikubisha. Sina ufundi wa kumbishia Otello.
Lakini miaka ishirini na sita ya wodi imenifundisha jambo:
mtu huja ameshika bega la kulia, analilia bega,
na bega ni zima kabisa;
kilichooza ni kifuko cha nyongo, huko chini, kimya.
Mwili husema kweli, ila hukosea anwani.

Basi nikaiosha.
Mafuta ya taa, mswaki wa zamani, matambara ya shuka zilizostaafu.
Nikasugua miaka yote ya Ermes mwoka mikate
(ndiye aliyeniuzia; unga wake ulikuwa bado kwenye mapezi ya silinda,
umegandamana na oili, kitu kati ya keki na lami).
Nikaikausha kwa mashine ya nywele.
Kisha kopo la poda ya watoto wachanga:
nikampaka mnyama wa kilo mia mbili na zaidi,
tumboni, mgongoni, kwenye makwapa ya silinda,
mpaka akanuka wodi ya wazazi.

Nikawasha. Nikaacha joto lipande.
Nikaenda hadi daraja la Tagliamento na kurudi, polepole,
nyuma yangu mkia mweupe barabarani,
na Iolanda kwenye roshani akifanya ishara ya msalaba.

Halafu tochi.

Chini, pale Otello alipopaonyesha kwa kidevu,
poda ilikuwa imelowa. Moyo ukanishuka.
Lakini kilicholowa kina ukingo wa juu, na ukingo una njia;
nikaufuata mchirizi, mwembamba kama uzi wa kushonea jeraha,
ukipanda (yaani ulishuka, mimi ndiye niliyepanda)
nyuma ya injini, juu ya bega la kasha,
hadi bonde lililo kati ya silinda mbili
ambako jicho halifiki, ila kioo cha daktari wa meno,
nacho ninacho, usiniulize nimekipata wapi.
Humo, swichi ya presha ya oili, kubwa kama kidole gumba.
Shingoni kwake tone lilikuwa linajaa.
Likajaa.
Likaamua.

Washa yake ya shaba ilikuwa imekakamaa kwa uzee.
Jumamosi, saa nane, maduka yamefungwa.
Nikaishika kwa koleo juu ya moto wa gesi, kando ya birika la kahawa,
hadi ikaiva rangi ya cheri, nikaitosa majini.
Ikasema *tsss*. Ikawa laini tena.
Kahawa ikafurika, ikaungua. Nikainywa hivyo hivyo.
Nikaifunga swichi: kwanza kwa vidole, kisha spana, robo mzunguko.
Mkono uliomba kuongeza. Nikaunyima.

Nilimpigia Otello. Kimya.
"Poda?"
"Poda."
"Ya watoto?"
Akacheka mpaka akakohoa, kisha akauliza ni ya duka gani.

Leo tarehe ishirini, kadibodi mpya.
Chini ya injini, kukavu.
Mbele, chini ya uma wa gurudumu, upande wa kushoto,
doa moja, dogo kama dengu.

Nikatafuta penseli.