Koti Jekundu

Siku ya sita ramani ilinisaliti kwenye mkunjo,
pale mvua ilipoilainisha hadi ikatoboka:
tundu dogo, kama kucha ya kidole gumba,
na ndani ya tundu hilo nilikuwemo mimi.

Asubuhi nilikuwa na njia. Ukanda wa majani
yaliyolazwa na viatu vya wengine,
vigingi vyenye mshale wa njano,
kijito, lango lililofungwa kwa kamba ya bluu.
Kisha ukungu ukashuka bila hodi
ukaketi juu ya kilima
kama mgeni asiyejua kuaga.

Kuuliza si ujinga.
Lakini wa kuulizwa walikuwa kondoo,
rangi ya kijani mgongoni, wakitafuna,
kila mmoja akijua kwao.

Dada yangu Mererid alinionya jikoni, Llanelli,
akinifungia mikate:
"Wewe Meurig, uliyepotea ndani ya duka la nguo
ukatangazwa kwa kipaza sauti,
kilomita mia mbili, peke yako?"
Nikamwambia miaka thelathini na moja nimetembea
kati ya lango na mashine, kiwanda cha bati,
hatua mia nne kwenda, mia nne kurudi,
na sikupotea hata siku moja.
Hakujibu. Aliongeza yai la kuchemsha.

Yai hilo nililila saa saba, juu ya jiwe.
Maganda niliyaacha kwenye nyasi, Mungu anisamehe.
Nikatembea saa nzima. Kinamasi kilinivua kiatu,
nikakivaa, kikanivua tena.
Nikapanda mteremko nisioukumbuka,
nikashuka mwingine nisioukumbuka vilevile,
na mbele ya miguu yangu, meupe,
maganda ya yai.

Nilicheka. Kisha sikucheka.
Ukimya ule niliwahi kuusikia mara moja tu:
siku walipozima mitambo,
tukabaki tumesimama, glavu mkononi,
wanaume wazima, tusijue mlango uko upande gani.

Nikaita. Sikuita "nisaidieni", niliona haya.
Niliita "halo!" kama mtu anayepokea simu.
Kilima kikajibu halo, kisha kikakata.

Giza lilipoanza kutia wino kwenye ukungu
mkono wangu ukagusa ukuta wa mawe.
Niliushika kama kipofu anavyoshika bega la mtoto,
ukanipeleka kwenye lango. Kamba ya bluu.
Na mwanamke, tochi, mbwa wawili,
akinisemesha Kiwelisi; nami nikamjibu
kwa kile changu cha chekechea.

"Tumekuangalia tangu mchana," alisema Tegwen.
"Ukungu ukifunguka, koti jekundu. Ukifunga, hakuna.
Mara ya kwanza nilidhani umeangusha kitu.
Ya pili nikadhani umetumwa na serikali kupima.
Ya tatu Iorwerth akasema: huyo hajui aliko.
Yeye akaweka dau lango la juu, mimi la chini.
Umenipatia pauni tano."

"Kwa nini hamkuniita?"

"Tulikuita. Tulisema halo.
Ukageuka, ukaenda kule."

Jikoni kwao soksi zangu zilifuka moshi juu ya jiko.
Supu ya kondoo, viazi, liki;
Iorwerth hakunena neno, alinisukumia mkate.
Tegwen akakata kipande cha mfuko wa chakula cha mifugo,
akakibandika nyuma ya tundu la ramani,
akachora kwa kalamu ya kuandikia madeni:
kijito, ukuta, lango,
na nyumba yao, kubwa kuliko kijiji kizima.

Usiku Mererid alipiga simu.
"Umepotea?"
Nikakitazama kile kiraka, wino bado mbichi.
"Yai," nikamwambia, "lilikuwa zuri sana."