Jani la Uani, Nagongera

Darubini ina jicho moja. Nalikodolea langu:
vimelea ndani ya chembe nyekundu,
pete ndogondogo, kama za harusi ya sisimizi.
Nahesabu. Mia mbili na sita.

Kwenye mirija mingine nilitia juzi
maji ya mtukutu, majani yaleyale
ya uani kwa mama, yaliyonikunja uso utotoni.
Nahesabu: tisa.
Narudia, maana mkono unatetemeka. Tisa.

Nampigia simu. "Mama, linaua!"
Kimya. Nasikia kuku, na mtu akitwanga.
"Kwenye kioo," naongeza. "Mwilini bado.
Kipimo hatujakijua. Ini litasemaje, hatujui."

"Nyafwono," anasema,
"mliugua usiku mmoja, wewe na Opendi.
Sufuria moja, kikombe kimoja.
Kulipokucha wewe ukaomba uji.
Yeye nilimwita, nikamwita.
Iulize hiyo mashine yenu: jani lilimkataa,
au ni mimi niliyempunja?"

Daftari langu halina safu ya jibu hilo.
Nafuta lenzi. Naandika tarehe.
Naanza upya,
na kipimo cha kwanza
ni kikombe cha mtoto, kilichojaa nusu.