Simile

Rikwama la baba lilikuwa na magurudumu mawili yasiyojuana,
moja la gari, moja la pikipiki.
Lilichechemea Darajani miaka thelathini na mitano,
na sauti yake ikitangulia:
Simile! Simile!
Bibi akikusanya buibui lake, mtoto wa skuli akibana ukutani.

Mimi nikapata kazi ya kuandika maana za maneno,
kadi moja, neno moja,
chini ya Bi Zuwena, asiyekubali neno lisilo na wazazi.
Nikagaiwa herufi ya S.

"Simile: tamko la kuombea njia. Asili:"
Hapo kalamu ikakwama. Jioni nikamuuliza mwenyewe.
"Asili gani? Hilo neno la magunia ya mbatata."
Nikamwambia, baba, hiyo ni Bismillahi,
mzigo umeikata kichwa, haraka imeila mkia.

Akaurudisha mkate wa mofa sahanini.
"Basi mie nilikuwa nasoma, nikidhani napiga kelele."
Kisha, kwa wasiwasi wa kweli:
"Na yale matusi niliyokuwa nikiyafuatisha,
yanahesabiwa wapi?"

Tangu hapo kila usiku akinidai maneno.
Inshallah ya Bi Mize jirani, imenyooka kama uzi;
inshallah ya Mcha fundi bati,
maana yake tafuta fundi mwengine.
Hitima na hatima, tumbo moja:
mmoja kabaki msikitini, mwengine anazurura magazetini.
Masalale! Huyo, aliapa, ni mtu aliyeambiwa msalie Mtume
akashtuka kabla hajamaliza.
Nikaandika: yasemekana.
Akaninunia siku mbili.

Alifariki Mfungo Nne, alfajiri.
Wanawake hatufuati jeneza; nilisimama dirishani.
Uchochoro wetu mwembamba, na chini kulikuwa na kijana wa rikwama,
saruji mpaka juu.
Hakuna aliyemwambia kitu.
Alirudi kinyumenyume hadi penye kona,
akayashika magurudumu kwa mikono miwili
yasitoe sauti.
Njia ikafunguka bila kuombwa.
Nikalitamka mimi, huku juu, zima,
kichwa na mkia.

Kadi ipo. Mbele ya Asili nimeandika Kiarabu,
kama inavyotakiwa.
Pembeni, kwa penseli, ili Bi Zuwena akitaka afute:
lilipitia Darajani, na mbatata.