Baisa Moja ya Baki

Benki ya Ruwi ilitupa karatasi.
Salio la marehemu: riali mia saba na ishirini,
baisa mia saba na ishirini na moja.
Mundhir akaikunja. "Hela ya matairi," akasema.
Mimi nikaikunjua.

Bila ile moja ya mwisho, jamani,
namba ile ilikuwa karimu.
Baisa laki saba na elfu ishirini, mia saba na ishirini:
igawe kwa mbili, inakubali,
kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu.
Hodi zote hadi kumi na sita zinaitikiwa,
hakuna anayeondoka na kipande kilichovunjika.
Na chini yake hakuna nyingine yenye moyo huo.

Thumuni ya mama: elfu tisini na tisini.
Sisi mabinti watatu, kila mmoja elfu tisini na tisini.
Mundhir na Qais, maradufu.
Mirathi ikalala sawa
kama kanzu iliyotoka kwa dobi.
Baba alifundisha hesabu Ibri, chaki hadi kwenye kope.
Mtu kama yule hafi na salio kama lile kwa bahati.

Lakini ile moja.
Sarafu yake haipo, hata ya tano siku hizi huioni.
Iongeze, na wale wageni wote, mbili hadi kumi na sita,
kila mmoja anabakiwa na moja mkononi.
Shufwa imegeuka witiri,
rakaa ya peke yake kabla ya kulala.

Usiku, sebuleni Al-Khudh, kiyoyozi kikikoroma,
nyuma ya bili ya umeme nikawaita tasa mmoja mmoja.
Kumi na saba: baki sita.
Kumi na tisa: kumi na tatu.
Ishirini na tatu: kumi na sita.
Thelathini na moja: mbili, nikashusha pumzi.
Rayya akapita na birika. "Unatafuta nini?"
"Namba tasa."
"Nipo hapa," akasema, akacheka,
kisha hakucheka.

Sitini na moja: sita.
Sitini na saba: mbili tena.
Nilikwisha kuinua kalamu niandike: haina mlango.
Sabini na moja.
Sifuri.
Nikarudia kwa wino mwekundu. Sifuri.

Sabini na moja ndiyo miaka yake
Shaabani ile tulipomzika.

Mwenzake, elfu kumi mia moja hamsini na moja,
ni tasa, nimehakikisha.
Nimemjaribu kama siku: miaka ishirini na saba, miezi tisa ushei.
Tangu nini? Nimemjaribu kama namba ya nyumba,
kama mwisho wa simu ya mtu. Hafunguki.

Asubuhi Mundhir akauliza, ile moja apewe nani,
sheria haitaki kitu kielee.
Mama alikuwa anahesabu tasbihi, hakuinua macho.
"Nipe mimi,"
sauti ya Rayya kutoka jikoni,
bomba likiwa wazi.