Maua kwenye Kona ya Tano

Usiku wa kuamkia mbio nilibeba ufagio wa mama mkwe,
nikaenda peke yangu hadi kona ya tano,
pale barabara inapokunja kulia
kama kiwiko cha mtu anayekunywa.
Mijakaranda ilikuwa imemwaga.
Mwezi wa kumi huku Lubumbashi hauna adabu,
unavua nguo zake katikati ya njia:
zambarau tupu, telezi
kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni.
Nikafagia.
Hatua arobaini za lami, upande wa ndani tu,
upana wa gari moja.
Mlinzi wa duka la dawa akaniuliza, "Baba, umepoteza nini?"
Nikamjibu: "Sekunde."

Gari letu lilizaliwa Japani, likashuka melini Dar,
likala vumbi la Zambia, likavuka Kasumbalesa
usukani wake ukiwa kulia
katika nchi ambayo usukani hukaa kushoto.
Lilikuwa teksi ya mtu wa Ruashi. Lilibeba maharusi,
magunia ya makala, na maiti moja, usiku,
iliyokalishwa wima kama abiria aliyelipa.
Tuliling'oa viti, tukalichomelea mbavu za chuma,
tukaliandika ubavuni kumi na tisa.
Harufu ya samaki wa Kasenga ilibaki.
Hakuna petroli iliyoweza kuifukuza.

Dereva ni Numbi, binti wa dada yangu,
mikono myembamba, shingo ya fahali.
Wale waliozoea uwanja wa duara
wanajua kona moja: kushoto, kushoto, kushoto,
kama punda wa kinu.
"Mjomba," aliniambia, "mji hauko hivyo.
Mji unakupinda kulia
ungali unaombea kushoto."

Bendera ikashuka.
Magari ishirini na mawili
yakayatetemesha madirisha ya Makomeno hadi kwenye vikombe.
Watoto walipanda kuta. Padri alipanda ukuta.
Mimi nilisimama na ubao wa shule na kipande cha chaki,
nikimwandikia nafasi yake kila anapopita:
tisa. Saba. Saba. Nne.
Mzunguko wa ishirini nikaandika moja,
na chaki ikavunjika.

Nyuma yake, Mwenze Gaudens, gari jeupe la kiwanda cha bia,
mafundi wake wanavaa glavu.
Alimganda Numbi kama deni.

Mzunguko wa mwisho. Kona ya tano.
Numbi akatanua, kama nilivyomfundisha,
nje kwanza, halafu uchinje kuelekea ndani.
Na pale ndani,
kwenye zile hatua arobaini nilizozifagia kwa mgongo wangu,
njia safi, nyeusi, kavu,
Mwenze alipita kama mtu aliyetandikiwa mkeka.

Numbi alibaki na maua.
Mkia wa gari ukaenda Katuba, pua ikaenda Kampemba;
niliona chini ya gari, niliona kila boliti niliyokaza.
Kisha sijui alifanya nini kwa mkono ule wa kushoto,
gia ikalia, samaki wote wa Kasenga wakalia,
na kumi na tisa ikasimama tena juu ya miguu yake.
Wa pili.

Alipovua kofia, nywele zimelowa,
alibandua petali moja kwenye rejeta, ikiwa imeiva.
"Mjomba, nani alifagia ile kona?"
Nilikuwa nanawa mikono kwa petroli. Niliendelea kunawa.
"Upepo."
"Upepo," akasema, "uliofagia upana wa gari moja."
Akacheka hadi akakaa chini,
akaomba bukari.

Saa kumi na mbili polisi waliondoa kamba.
Baiskeli za makala zikapita juu ya michoro ya matairi,
wanaume wakisukuma, hawatazami chini.
Pale nilipofagia pamekuwa zambarau tena.

Ufagio uko bado kwenye buti.
Lazima niurudishe kabla hajaamka.
Ataunusa. Mama mkwe wangu hunusa kila kitu.
Sijui nitamwambia nilikuwa nafagia kwa nani.